Unguja na Pemba: Umbali wa Bahari na Dakika za Angani

Kila mwanafunzi aliyepata kuitazama ramani ya mwambao wa Afrika Mashariki ameviona visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, vimekaa kando ya pwani kama majahazi mawili yaliyotia nanga. Katika ramani ya darasani visiwa hivyo havitengani ila kwa upana wa kidole. Mwalimu akiulizwa umbali uliopo baina yake, aghalabu atajibu kwa maili au kwa kilomita, na jibu lake litakuwa sahihi. Lakini mabaharia wa zamani hawakuulizana maili. Aliyefika bandarini aliulizwa amekaa baharini kwa muda gani na amepata upepo gani. Kwao wao umbali ulikuwa ni muda, na muda ulikuwa mikononi mwa upepo.

Katika makala haya tutajaribu kuueleza umbali huo kwa vipimo vyote viwili, yaani kipimo cha ramani na kipimo cha muda. Tutaona kwamba ingawa visiwa havikusogea hata shubiri moja, umbali wa Unguja na Pemba umebadilika mara nyingi katika historia. Sababu yake ni kwamba umbali ni jambo la maumbile, lakini pia ni jambo la chombo, la biashara na la uwezo wa mtu. Safari ya ndege ya nusu saa, ambayo leo huiunganisha Unguja na Pemba, ni sura moja tu ya historia ndefu, wala haifahamiki vyema pasipo kuzijua sura zilizoitangulia.

Maumbile ya Bahari

Unguja ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,660, na Pemba inakaribia kilomita za mraba 1,000. Wageni wengi huvidhania visiwa hivi kuwa ni pacha, kwa kuwa vina lugha moja, dini moja kwa walio wengi, na serikali moja. Kwa maumbile, hata hivyo, si pacha. Bahari iliyo baina ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, aghalabu haizidi mita chache za makumi. Katika zama za barafu, maji ya bahari yalipopungua duniani kote, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mnyama aliweza kutoka Bagamoyo mpaka Kizimkazi kwa miguu yake. Maji yalipopanda tena, yapata miaka elfu kumi na zaidi iliyopita, Unguja ikawa kisiwa.

Pemba ina hadithi nyingine. Mlango wa bahari unaoitenga na bara una upana wa kilomita zipatazo 50, na kina chake hufika mamia ya mita. Hata bahari ilipopungua sana, Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo sababu wanyama wengi wa mwituni walioko Unguja hawakuwako Pemba, na ndiyo sababu Pemba ina aina nne za ndege wa mwituni wasiopatikana pengine popote duniani. Twaona basi kwamba kabla mwanadamu hajakata mbao ya chombo chake cha kwanza, bahari ilikwisha kuitenga Pemba na kuifanya iwe na mambo yake yenyewe.

Kutoka ncha ya kaskazini ya Unguja, yaani Nungwi, hadi ncha ya kusini ya Pemba, ni kilomita zipatazo 50. Hapo ndipo penye maji makali yanayojulikana kwa jina la mkondo wa Nungwi. Mabaharia wa visiwani hawahitaji kuelezwa habari zake. Chombo kikishatoka katika kivuli cha Unguja, hakuna tena kisiwa cha kukikinga na mawimbi yatokayo katika bahari kuu. Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake, na msemo huo wafaa sana mahali hapo.

Siku za Jahazi

Kwa karne nyingi njia pekee baina ya visiwa ilikuwa ni tanga. Kutoka bandari ya mji wa Unguja hadi Mkoani, kusini ya Pemba, ni maili za bahari zipatazo 55. Jahazi lililopata upepo mwema liliweza kwenda maili tano za bahari kwa saa. Kwa hiyo safari ilichukua saa kumi na moja hivi. Lakini upepo mwema haukuwako kila siku. Katika miezi ya kusi, ambayo huanza yapata Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, upepo humsukuma msafiri aendaye Pemba na humkabili arudiye Unguja. Katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Aliyelazimika kwenda kinyume cha upepo alipiga bisho mchana na usiku, au alikaa bandarini akingoja. Hivyo umbali wa kwenda haukuwa sawa na umbali wa kurudi, na umbali wa Julai haukuwa sawa na umbali wa Januari. Hili ni jambo ambalo ramani haiwezi kulionyesha.

Yafaa pia kukumbuka kwamba si kila wakati Wapemba walikuwa na haja ya kwenda Unguja. Pemba ilikuwa na miji yake iliyofanya biashara moja kwa moja na nchi za mbali. Magofu ya Ras Mkumbuu ni ushahidi wa jambo hilo. Huko Mtambwe Mkuu, katika mwaka 1984, ilichimbuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka katika nchi za Waarabu katika karne ya 10 na ya 11. Mwanajiografia Al-Masudi aliandika kwamba alisafiri kutoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Oman katika mwaka 916, na wataalamu wengi wanaona kwamba Kanbalu hiyo ni Pemba. Katika zama za Wareno na baada yake Pemba ilikuwa ghala la mchele la Mombasa, na hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa chini ya Wamazrui waliotawala Mombasa. Kwa Mpemba wa wakati huo mji mkubwa ulikuwa Mombasa, upande wa kaskazini, wala haukuwa Unguja.

Mambo yaligeuka katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Watawala wa Kiomani waliinyakua Pemba kutoka kwa Wamazrui, na Seyyid Said akahamishia makao yake mjini Unguja. Tangu hapo forodha, mahakama, matajiri na meli za ng'ambo vyote vilikusanyika Unguja. Bahari haikuongezeka, lakini haja ya kuivuka iliongezeka sana. Umbali ambao kwanza ulikuwa ni wa jirani na jirani ukawa umbali wa shamba na mji.

Tufani ya Mwaka 1872

Hakuna tukio linaloonyesha maana ya umbali huo vizuri zaidi kuliko tufani ya Aprili 1872. Wakati huo mikarafuu mingi ilikuwa Unguja. Tufani ilipopiga iliharibu mji, ilivunja vyombo bandarini, na iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba, kwa kuwa ilikuwa mbali kaskazini, haikuguswa ila kidogo. Kama visiwa hivi vingekuwa vimeshikamana, huenda karafuu ya Zanzibar ingalikwisha siku ile. Umbali ule ule uliowachosha mabaharia ndio ulioiokoa mikarafuu.

Matokeo yake yamedumu hadi leo. Baada ya tufani watu walipanda mikarafuu kwa wingi Pemba, na kisiwa hicho kikawa ndicho kitoacho sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar. Hali hiyo ilianzisha safari za namna mbili. Kila msimu wa mavuno wachumaji walitoka Unguja na Tumbatu kwenda Pemba. Na kila msimu magunia ya karafuu yalitoka Wete, Chake Chake na Mkoani kwenda forodhani Unguja, kabla ya kupelekwa ng'ambo. Mali ilizaliwa Pemba, lakini bei yake ilisemwa Unguja. Mkulima alipotaka kujua jasho lake limepata thamani gani, alingoja jahazi lirudi. Ni dhahiri basi kwamba kwa mkulima huyo umbali ulikuwa na hesabu ya fedha ndani yake. Kila siku ambayo gunia lilikaa pwani likingoja upepo ilikuwa ni siku ya deni kukua.

Baadaye zilikuja meli za moshi, na baada yake meli za injini za mafuta. Meli hizi zilipunguza sana utawala wa upepo. Msafiri aliweza kuambiwa siku ya kuondoka na saa ya kufika, jambo ambalo nahodha wa jahazi hakuweza kuliahidi. Lakini mawimbi ya Nungwi yalibaki pale pale.

Kuja kwa Ndege

Usafiri wa ndege ulianza kuzoeleka katika mwambao wetu katika miaka ya 1930. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi katika mwaka 1929, ilikuwa na ndege ndogo zilizofika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi katika mwaka 1946. Shirika hilo lilianza na ndege za Dragon Rapide, zenye injini mbili na mabawa ya juu na chini, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa. Kijana wa leo akiziona katika picha huenda akacheka. Lakini abiria wachache waliopanda ndani yake walikuwa wamefanya jambo ambalo hakuna babu yao aliyelifanya. Walikuwa wameuona mwambao wote kutoka juu, na kuipita bahari pasipo kuiuliza ruhusa.

Shirika hilo lilivunjika katika mwaka 1977, na mwaka ule ule Tanzania ikaunda Shirika lake la Ndege. Miongoni mwa ndege zake zilikuwamo Twin Otter, ambazo huweza kutua katika viwanja vifupi, na kwa hiyo zilivifaa sana visiwa. Tangu miaka ya 1990 makampuni ya watu binafsi yenye ndege ndogo nayo yaliingia katika njia hii.

Viwanja vyenyewe ni viwili. Cha Unguja kiko Kisauni, kilomita chache kusini ya Mji Mkongwe, na tangu mwaka 2010 kinaitwa Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita tatu hivi, na ndege kubwa za kutoka ng'ambo hutua hapo. Kiwanja cha Pemba kiko karibu na mji wa Chake Chake, katikati ya kisiwa. Njia yake ni kama nusu ya ile ya Unguja. Hapo tena tunaiona ile hadithi ya shamba na mji ikiandikwa kwa lami. Mgeni atokaye Ulaya hutua Unguja moja kwa moja, lakini Mpemba atakaye kwenda Ulaya hana budi kwanza aondoke Pemba kwa ndege ndogo au kwa meli.

Hesabu ya Umbali na ya Muda

Hebu sasa tuhesabu, kwa kuwa hesabu hii ni rahisi na kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Kiwanja cha Unguja kiko kusini ya Ikweta kwa digrii 6 na dakika 13, na kiwanja cha Pemba kwa digrii 5 na dakika 15. Tofauti yao ni dakika 58 za latitudo. Kwa kuwa kila dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya bahari, Pemba iko kaskazini kwa maili 58. Tukija katika longitudo, Unguja iko digrii 39 na dakika 13 mashariki, na Pemba iko digrii 39 na dakika 48. Tofauti ni dakika 35, nazo hapa karibu na Ikweta ni kama maili 35. Tukitumia kanuni ya Pythagoras tutapata maili za bahari zipatazo 68, yaani kilomita 125 hivi. Huo ndio umbali wa mstari ulionyooka kutoka kiwanja hadi kiwanja.

Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa dakika 25. Lakini safari si mwendo wa angani peke yake. Ndege huenda polepole uwanjani, hukimbia, hupanda, kisha hushuka na kujipanga kabla ya kutua. Ndiyo maana abiria huambiwa kwamba safari ni ya nusu saa.

Je, upepo umekwisha kazi yake? La hasha. Njia ya kutoka Unguja kwenda Pemba inaelekea kaskazini, ikienda upande wa mashariki kidogo. Kwa hiyo kaskazi huikabili ndege karibu uso kwa uso, na kusi huisukuma kwa nyuma. Tuseme upepo una nguvu ya kilomita 30 kwa saa. Ndege iendayo Pemba wakati wa kusi itakwenda kilomita 330 kwa saa juu ya ardhi, nayo itafika kwa dakika 23. Wakati wa kaskazi itakwenda kilomita 270, nayo itafika kwa dakika 28. Tofauti ni dakika tano. Upepo ambao zamani ulimfunga nahodha bandarini kwa siku kadhaa, leo hauna uwezo ila wa dakika tano. Hapana shaka kwamba huu ni ushindi mkubwa wa elimu ya mwanadamu, na yafaa vijana wetu waufahamu kwa hesabu, wala si kwa kusifu tu.

Nusu Saa ya Nani?

Hata hivyo, kosa kubwa lingekuwa kudhani kwamba kwa sababu ndege hufika kwa nusu saa, basi Unguja na Pemba ziko mbali kwa nusu saa. Umbali hupimwa pia kwa kile ambacho mtu anaweza kulipa. Mfanyabiashara, mtumishi aliyetumwa kazini, na mtalii hupanda ndege. Mkulima, mvuvi, mwanafunzi arudiye likizo, na mama aliyebeba mtoto na vikapu vyake huenda kwa meli. Boti ziendazo kasi hufika kwa saa chache, na meli nyingine husafiri usiku kucha. Kwa hiyo katika siku moja, baina ya visiwa viwili vile vile, kuna umbali wa namna nyingi, na kila mtu husafiri katika umbali wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 taifa zima lililazimika kulitafakari jambo hili kwa majonzi. Meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa na abiria waliozidi sana kiasi kilichoruhusiwa, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na watu wengine wengi zaidi ya hao hawakuonekana tena. Walikuwa ni watu waliokuwa wakirudi makwao, katika bahari ambayo juu yake ndege hupita kwa dakika chache tu. Si ukosefu wa elimu ya kuvuka bahari uliowaangamiza, kwa kuwa elimu hiyo ilikwisha kupatikana zamani. Kilichokosekana ni chombo salama, chenye nafasi ya kutosha, kwa kila aliyetaka kusafiri, pamoja na kufuata sheria ya idadi ya abiria.

Kadhalika tumfikirie mgonjwa. Hospitali kubwa ya rufaa ya Zanzibar kwa miaka mingi ni ile ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja. Mgonjwa mahututi aliyeko Wete hana hesabu ya kilomita. Ana hesabu ya saa. Wahenga wamesema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa mgonjwa huyo ndege iliyo tayari ni fimbo ya karibu, na ndege asiyoweza kuilipia ni fimbo ya mbali, hata kama imesimama pale pale uwanjani. Ndiyo sababu kila hospitali inayojengwa au kuimarishwa Pemba yenyewe huufupisha umbali huu kuliko ndege yoyote, kwa kuwa huondoa haja ya kuvuka.

Jambo hilo tumeliona pia katika umeme. Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea majenereta ya mafuta. Katika mwaka 2010 ilipata umeme wa gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari, nao haukutoka Unguja, bali ulitoka upande wa Tanga, ulio karibu zaidi. Kwa hiyo nyumba ya Chake Chake huwasha taa yake kwa bara, na hupeleka karafuu yake mjini Unguja. Kila haja ina njia yake iliyo fupi, na mipango mizuri ni ile inayoitafuta njia hiyo kwa kila haja, bila ya kudhani kwamba mambo yote yapite mlango mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba umbali wa Unguja na Pemba ulikuwa saa kumi na moja kwa jahazi lenye bahati, na siku kadhaa kwa jahazi lisilo na bahati. Ulikuwa usiku mmoja kwa meli, na ni nusu saa kwa ndege. Tumeona pia kwamba umbali huo uliwahi kuwa neema, kama katika tufani ya mwaka 1872, na uliwahi kuwa msiba, kama katika mwaka 2011. Katika nyakati zote hizo maili 68 zilibaki maili 68. Kilichobadilika ni chombo, na pamoja na chombo, swali la nani aliyekimudu.

Waalimu wa historia, jiografia na hesabu wanaweza kulitumia somo hili kwa pamoja. Wanafunzi wapime umbali katika ramani, wahesabu muda wa ndege kwa kila upepo, kisha waende kwa wazee wakawaulize habari za kusi na kaskazi, za kupiga bisho, na za bandari walizozilalia. Maneno hayo ni elimu iliyokusanywa kwa karne nyingi, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Rubani wa leo naye anazihitaji habari za pepo zile zile, ingawa huzisoma katika vyombo vyake.

Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Walisema hivyo kwa sababu waliuona upepo kuwa ni amri isiyopingika. Sasa upepo umekwisha kutiiwa kamba na kuhesabiwa kwa dakika. Lililobaki si kazi ya upepo, ila ni kazi yetu wenyewe: kuhakikisha kwamba dau la mnyonge nalo linafika, salama na kwa wakati.